Kosa la mwanafunzi na karne ya mabishano kuhusu jinsi tunavyojifunza

Mwaka 1984 nilikuwa mwalimu mchanga wa Kiswahili katika shule moja ya upili ya wavulana. Siku moja mvulana wa kidato cha pili aliinua mkono akasema, "Mwalimu, kitabu yangu imepotea." Darasa zima likaangua kicheko. Nami, badala ya kumuuliza kitabu kilipotelea wapi, nilimsimamisha mbele ya wenzake nikamtaka arudie mara ishirini: kitabu changu kimepotea. Akarudia zote ishirini bila kukosea hata mara moja. Nikaketi nikiwa nimeridhika kwamba nimefunza.

Kijana yule hakuinua mkono tena katika somo langu hadi alipomaliza kidato cha nne. Miaka mingi baadaye tulikutana mjini. Alikuwa mtu mzima mwenye biashara na watoto. Alinisalimia kwa Kiingereza, nami nikamwitikia kwa Kiswahili kwa mazoea tu. Akacheka kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, Kiswahili mimi na hicho tuliachana siku ile ya kitabu." Alisema kwa mzaha, lakini usiku huo sikulala vyema.

Nimekikumbuka kisa hiki kwa sababu ya mjadala unaoendelea humu nchini kuhusu mtaala wa umilisi, ambao wengi wetu tunauita CBC. Kuna wanaosema kwamba kukariri kumepitwa na wakati, na kwamba mtoto aachwe agundue mambo mwenyewe. Kuna wanaojibu kwamba watoto wa siku hizi hawajui kitu kwa sababu hawakariri. Pande zote mbili hutaja majina ya wanasaikolojia kana kwamba ni mitume wa dini tofauti. Katika makala haya ninadhamiria kurejelea historia ya nadharia hizo, na kila nadharia nitaiuliza swali moja tu: kosa la mwanafunzi ni kitu gani? Ninaamini kwamba jibu la swali hilo ndilo linalozitenganisha nadharia hizi vizuri zaidi kuliko istilahi zake nzito nzito.

Tuanze na paka. Mwaka 1898, Edward Thorndike, Mmarekani aliyekuwa bado kijana, alichapisha tasnifu yake kuhusu akili za wanyama. Alikuwa akimfungia paka mwenye njaa ndani ya kisanduku cha mbao, na nje ya kisanduku kuna chakula. Ndani kulikuwa na kamba au kitasa ambacho paka akikigusa, mlango hufunguka. Mwanzoni paka alikwaruza huku na huku, akauma mbao, akajipenyeza, hadi kwa bahati akakigusa kitasa. Akirudishwa ndani, alichukua muda mfupi zaidi, na akirudishwa tena, mfupi kuliko huo. Thorndike aliona kwamba muda ulipungua polepole, si kwa ghafla, akahitimisha kwamba paka "haelewi" kitu. Vitendo vinavyoleta raha hubaki na visivyoleta raha hufifia. Hiyo ndiyo kanuni ya matokeo, na mbinu yenyewe ni ya kujaribu na kukosea.

Wakati huohuo kule Urusi, Ivan Pavlov alikuwa akichunguza mmeng'enyo wa chakula, kazi iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka 1904. Aligundua kwamba mbwa wake walianza kudondokwa mate kabla chakula hakijafika, kwa kuona au kusikia tu dalili za ujio wake. Mwaka 1913 John Watson akayafumbata mambo haya katika tamko moja: saikolojia iachane na mambo ya nafsi yasiyoonekana, ishughulikie tabia inayoweza kupimwa. Hapo ndipo nadharia ya utabia ilipopata jina lake. Kujifunza kukawa ni kufungamanisha kichocheo na mwitikio.

Aliyeifikisha nadharia hii darasani ni B. F. Skinner. Mwaka 1953 alitembelea darasa la hesabu la binti yake. Aliona watoto wote wakipelekwa kwa mwendo mmoja, wepesi wakingoja na wazito wakiachwa nyuma, na wote wakiwa hawajui kama majibu yao ni sahihi hadi daftari zisahihishwe. Alirudi akaunda mashine ya kufundishia. Mashine ilimpa mtoto swali dogo, mtoto akajibu, na papo hapo akajua kama amepata. Kisha hatua nyingine ndogo.

Sasa tumuulize Skinner swali letu. Kosa la mwanafunzi ni nini? Jibu lake huenda likawashangaza wengi. Kwa Skinner, hatua za somo zikipangwa vizuri, mwanafunzi hapaswi kukosea mara nyingi. Akikosea sana, basi aliyelipanga somo ndiye aliyeshindwa kazi. Na kuhusu adhabu, Skinner aliipinga katika maandishi yake yote. Alisema kwamba adhabu huizima tabia kwa muda tu, na kinachobaki kwa anayeadhibiwa ni woga na mbinu za kumkwepa anayeadhibu. Thorndike naye, kufikia miaka ya 1930, alikuwa ameirekebisha kanuni yake mwenyewe: majaribio yake yalimwonyesha kwamba adhabu haiondoi jibu baya kwa nguvu sawa na ile ambayo zawadi huimarisha jibu zuri.

Hebu tutulie hapa kidogo. Katika vyuo vya ualimu nimesikia mara nyingi ikisemwa kwamba kiboko katika shule zetu kilikuwa ni urithi wa nadharia ya utabia. La hasha! Kiboko chetu hakikuwa na nadharia yoyote. Wale wanasayansi wa panya na njiwa, tunaowalaumu kwa kumgeuza mtoto mnyama, wangekikataa kwa sababu za kisayansi.

Ninakumbuka shule yangu ya msingi, miaka ya 1960. Kulikuwa na kipande cha mbao kilichofungwa kwa kamba. Aliyesikika akizungumza lugha ya mama alivishwa shingoni, naye akawa na kazi ya kumvizia mwenzake atakayeteleza ili amkabidhi. Aliyebaki nacho jioni alichapwa. Je, tulijifunza Kiingereza kwa sababu ya mbao ile? Tulichojifunza barabara ni kunong'ona nyuma ya vyoo, na kumtilia shaka kila rafiki. Skinner angeweza kuyatabiri hayo yote bila kuiona shule yetu.

Kabla hatujaiacha kambi hii, ni haki tuseme neno kuhusu kukariri. Mwaka 1885, Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha kitabu kuhusu kumbukumbu. Alijifanyia majaribio mwenyewe, akikariri orodha za silabi zisizo na maana yoyote, kisha akipima kiasi alichosahau. Aligundua kwamba usahaulifu huenda kasi sana mwanzoni, hasa katika saa ya kwanza, halafu hupungua mwendo. Aligundua pia jambo ambalo kila mwanafunzi anayekesha usiku wa kuamkia mtihani angelijua: marudio 38 yaliyogawanywa katika siku tatu yalimfaa sawa na marudio 68 aliyoyafanya kwa siku moja. Kwa hivyo mwalimu anayewarudisha wanafunzi wake kwenye ngeli kila wiki kwa dakika kumi anafanya kazi ya maana. A-WA, KI-VI, LI-YA, U-I, I-ZI: mimi mwenyewe nilizikariri hivyo, na zingalipo kichwani. Anayesema kwamba kukariri hakuna faida hajasoma historia. Lakini swali la Ebbinghaus lilikuwa ni jinsi tunavyokumbuka, tena vitu visivyo na maana. Hakuuliza jinsi tunavyoelewa.

Aliyeliuliza swali hilo kwa kina ni Jean Piaget, Mswisi aliyezaliwa mwaka 1896. Akiwa kijana mjini Paris, mwanzoni mwa miaka ya 1920, alipewa kazi ya kuwajaribu watoto kwa maswali ya kupima akili. Kazi yake ilikuwa kuhesabu majibu sahihi tu. Lakini yeye akavutiwa na yale yasiyo sahihi. Aliona kwamba watoto wa umri mmoja hukosea kwa namna moja, na kwamba ukimwuliza mtoto kwa upole sababu ya jibu lake, atakupa sababu inayoeleweka kwa mantiki yake mwenyewe.

Jaribio lake maarufu mnaweza kulifanya nyumbani leo. Chukua gilasi mbili zinazofanana, tia maji kwa kiwango sawa, kisha mbele ya macho ya mtoto wa miaka minne mimina ya gilasi moja katika gilasi nyingine ndefu na nyembamba. Muulize yapo wapi maji mengi. Atakuonyesha ile ndefu. Umwambie mara ishirini kwamba yako sawa, atarudia maneno yako, lakini moyoni anajua kwamba wewe ndiye usiyeona vizuri. Baada ya miaka mitatu hivi atakushangaa ukimwuliza swali la kitoto namna hiyo.

Kwa Piaget, basi, kosa ni dirisha. Linaonyesha jinsi mtoto alivyoijenga picha yake ya ulimwengu hadi sasa. Mtoto hujaribu kuliingiza kila jambo jipya katika picha aliyo nayo; likikataa kabisa kuingia, ndipo huibomoa picha na kuijenga upya. Mwalimu anayelifuta kosa kabla ya kulisoma amelifunga dirisha.

Katika taaluma yangu ya lugha, jambo hili lilizuka kwa kishindo mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1957 Skinner alichapisha kitabu kilichodai kwamba hata lugha mtoto huipata kwa vichocheo na zawadi. Mwaka 1959 Noam Chomsky akakifanyia tahakiki kali iliyopata umaarufu kuliko kitabu chenyewe. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba mtoto husema na kuelewa sentensi ambazo hajawahi kuzisikia, kwa hivyo haiwezekani awe anaiga tu. Lazima kuna kanuni anazoziunda kichwani, na uwezo wa kuziunda amezaliwa nao.

Mwaka mmoja kabla ya tahakiki hiyo, Jean Berko alikuwa ameonyesha jambo hilo kwa njia nyepesi ya kupendeza. Aliwachorea watoto mnyama asiyekuwepo duniani, akampa jina alilolibuni mwenyewe, kisha akawaonyesha wawili na kuwauliza hawa ni nini. Watoto wakaunda wingi wa jina hilo bila kusita, ingawa hawakuwahi kulisikia. Mjaribu mtoto wa Kiswahili. Mwambie hiki ni kitepo, kisha mwonyeshe viwili. Atasema "vitepo", na hakuna aliyemfunza neno hilo kwa sababu halipo.

Mimi nilipata ushahidi wangu kutoka kwa mjukuu wangu anayekulia Mombasa. Alikuwa na miaka minne. Alinijia ameshika shavu, akaniambia, "Nyanya, majino yangu yanauma." Majino! Katika nyumba ile hakuna mtu anayeyaita meno majino. Aliyatoa wapi? Aliyatoa katika jina na majina, jibu na majibu, jani na majani. Alikuwa amegundua kanuni, akaitumia mahali ambapo lugha yenyewe imeivunja. Ningemchukulia kwamba hajui Kiswahili, ningekuwa nimepotoka. Kosa lile lilikuwa ni dalili kwamba Kiswahili kinaingia, tena kwa mpangilio.

Wanaisimu walichukua miaka michache tu kulihamisha wazo hili kutoka kwa watoto wadogo hadi kwa wanafunzi wa lugha ya pili. Mwaka 1967 Pit Corder aliandika makala mafupi yaliyobadilisha mwelekeo wa ufundishaji wa lugha. Alitenganisha kuteleza na kukosea. Kuteleza ni kwa bahati mbaya: ulimi umechoka, au mtu ana haraka, na akiulizwa atajisahihisha. Kukosea kuna mpango: mwanafunzi anafuata kanuni aliyo nayo wakati huo, na hawezi kujisahihisha kwa sababu kwake yeye hilo ndilo sahihi. Mwaka 1972 Larry Selinker akaipa mipango hiyo jina. Alisema kwamba kati ya lugha ya kwanza ya mwanafunzi na lugha anayojifunza kuna lugha ya tatu, lugha ya kati, yenye sarufi yake inayobadilika kila mara.

Niliposoma hayo kwa makini, nikiwa tayari mwanafunzi wa uzamili, ndipo yule mvulana wa 1984 aliponirudia akilini. Kitabu yangu imepotea. Nilizisaka katika kumbukumbu sentensi zake nyingine na za wenzake: kiti imevunjika, mti imeanguka, maji imemwagika. Lakini pia: mwalimu amekuja, mbwa amelala. Hebu zitazame vizuri. Hakuna vurugu hapo hata kidogo. Kijana alikuwa ameigawa dunia mafungu mawili. Viumbe wenye uhai walichukua A-WA kama inavyotakiwa. Kila kitu kisicho na uhai alikitia katika I-ZI. Ni sarufi nyepesi na yenye mantiki, na mamilioni ya watu wa bara huitumia kila siku sokoni na kwenye matatu, wakaelewana bila shida. Alichokuwa hajakipata ni ule mgawanyo wa pili, wa vitu visivyo na uhai katika ngeli zake nyingi. Alikuwa mlangoni kabisa. Kama ningeisoma sentensi yake badala ya kuicheka, ningejua papo hapo somo la kesho liwe lipi.

Badala yake nilimfunza kitu kingine, na si yeye peke yake. Hapa anaingia Albert Bandura. Mwaka 1961 alionyesha kwamba watoto waliomtazama mtu mzima akimpiga mwanasesere waliiga kipigo kile bila kupewa zawadi yoyote. Mwaka 1965 akaendelea. Aliwaonyesha watoto filamu ya mtu anayefanya vivyo hivyo. Wengine waliona mtu huyo akisifiwa, wengine wakamwona akikaripiwa. Waliomwona akikaripiwa waliiga kwa uchache. Lakini walipoahidiwa zawadi wakumbuke alichofanya, walikionyesha vizuri sawa na wenzao. Yaani walikuwa wamejifunza, ila walikuwa wamejifunza pia kunyamaza.

Basi fikiria darasa langu siku ile. Mvulana mmoja alisimama mbele, na wengine wote wakaketi wakitazama. Walijifunza nini? Kwamba kukosea Kiswahili kunaleta kicheko, na kwamba njia salama ni kufunga mdomo. Kwa somo hilo hawakuhitaji marudio ishirini. Siku hizi walimu wengi hunilalamikia kwamba wanafunzi wao hawataki kuzungumza Kiswahili darasani ilhali nje hawanyamazi. Ninawauliza: mara ya mwisho mmoja wao alipokosea, wenzake waliona nini kikimpata?

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba kosa liachwe. Mtoto anayesema kitabu yangu anahitaji Kiswahili sanifu kwa mtihani, kwa kazi, na kwa ajili ya kusoma fasihi ya lugha yake. Piaget mwenyewe haelezi vya kutosha jinsi ya kumvusha. Mtoto wake anafanana na mwanasayansi mpweke, anayegundua kila kitu kwa juhudi zake huku watu wazima wakiwa pembeni. Watoto wetu hawakui hivyo, na nina shaka kama kuna wanaokua hivyo popote.

Jibu alikuwa nalo Mrusi Lev Vygotsky, aliyezaliwa mwaka uleule wa 1896 aliozaliwa Piaget. Vygotsky alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1934 akiwa na miaka 37, na kitabu chake kikuu kuhusu fikra na lugha kikatoka mwaka huohuo. Baada ya muda mfupi kazi zake zilizimwa na utawala wa Kisovieti. Tafsiri ya Kiingereza ilipatikana mwaka 1962, karibu miaka thelathini baada ya mwandishi kuzikwa. Ndiyo maana wengi tunamwona kama mtu wa juzi, ilhali alibishana na Piaget wakiwa wote vijana.

Vygotsky alisema kwamba kupima anachokiweza mtoto peke yake ni kupima jana yake. Pima pia anachokiweza akisaidiwa kidogo. Nafasi iliyopo kati ya hayo mawili ndiyo eneo la ukuaji wa karibu, na mafundisho yenye faida hutua hapo. Mwaka 1976, David Wood, Jerome Bruner na Gail Ross walitumia kwa msaada huo mfano wa kiunzi, ile miti ambayo fundi huifunga ukutani ili afikie juu. Kiunzi hakibaki. Ukuta ukisimama, kinaondolewa kipande kwa kipande.

Mfano mzuri zaidi wa kiunzi ninaoujua hautoki Urusi wala Marekani. Katika miaka ya 1970, mtafiti Charles Super alichunguza jinsi Wakipsigis wa hapa Kenya wanavyolea watoto wachanga. Aliona kwamba watoto wao waliketi na kutembea takriban mwezi mmoja kabla ya watoto wa Marekani. Wengi walidhani ni jambo la maumbile. Super akaangalia kwa makini, akaona kwamba akina mama walikuwa wakifunza. Walichimba kishimo kidogo ardhini, au wakamzungushia mtoto blanketi, wakamketisha humo mgongo ukiwa umeegemezwa. Na katika mambo ambayo hayakufunzwa, kama kutambaa, watoto wale hawakuwatangulia wengine. Mtoto akiyumba hapigwi kelele, wala haachwi agundue kuketi peke yake. Anaegemezwa, na blanketi zinapunguzwa. Mama yule hakuwahi kusikia jina la Vygotsky.

Kwa Vygotsky, basi, kosa linaonyesha mahali pa kuegemeza. Siku ile ya kitabu nilihitaji sentensi moja tu: "Pole. Kitabu chako kilipotelea wapi?" Mvulana angesikia chako, angesikia kilipotelea, na ili anijibu angelazimika kusema, "Kilipotelea bwenini, mwalimu." Angekuwa ametumia KI-VI kwa mdomo wake mwenyewe, kwa haja ya kweli, bila mtu kumcheka. Kesho yake tungezikariri ngeli wote pamoja, naye angejua zinamsaidia nini.

Mkiziweka nadharia hizi kando kwa kando, mtaona kwamba ugomvi wake ni mdogo kuliko tunavyoaminishwa. Thorndike na Skinner walitazama tabia na kuuliza inaimarika vipi. Ebbinghaus aliuliza inadumu vipi kumbukumbu. Piaget na Chomsky waliuliza ni nini kinajengeka ndani. Bandura aliuliza tunapata nini kwa kutazama wengine, na Vygotsky akauliza tunavushwa na nani. Mwalimu wa Kiswahili mwenye wanafunzi sitini mbele yake anakutana na maswali yote hayo kabla ya saa nne asubuhi.

Hofu yangu kuhusu mageuzi yetu ya elimu inatokana na historia. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ulibuniwa jijini Nairobi mpango mpya wa kufundisha shule za msingi, uliotaka watoto wajifunze kwa shughuli na makundi, tena kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Tume ya Ominde ya mwaka 1964 iliunga mkono matumizi hayo ya Kiingereza. Wazo la shughuli lilikuwa zuri. Lakini lilienea kwa kasi kuliko mafunzo ya walimu, likafika katika shule kama yangu likiwa limebaki nyimbo: tuliimba kwa pamoja sentensi za kalamu na meza, katika lugha ambayo hatukuielewa. Mwongozo wa mtaala wa 2017 nao unawataja Vygotsky, Piaget, Bruner na Dewey. Majina ni mazuri. Lakini mwalimu asiyepewa muda wa kuisoma sentensi ya mwanafunzi, wala darasa lenye idadi ya kumwezesha kuisoma, atarudi kwenye kile alichofanyiwa yeye alipokuwa mtoto. Wengi wetu tulifanyiwa kile kipande cha mbao. Kiboko kilipigwa marufuku mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikasisitiza. Kicheko hakijapigwa marufuku na sheria yoyote.

Kwa walimu wenzangu nina ombi dogo. Kabla ya kuchukua kalamu nyekundu, jiulize mambo matatu. Je, huyu ameteleza au amekosea? Kama amekosea, anafuata kanuni gani? Na je, ni msaada gani mdogo kabisa utakaomvusha leo? Si lazima uwe na shahada ya saikolojia. Chagua kosa moja tu katika insha za wiki hii, lile linalojirudia zaidi, ukalisome hadi ulielewe.

Nami nina deni langu. Nikikutana tena na yule kijana, ambaye sasa ana mvi kama zangu, nitamuuliza swali ambalo nilipaswa kumuuliza miaka arobaini iliyopita. Nitamuuliza kama kile kitabu kilipatikana.